Nguo za Mama Pindo

Mkunga alikuwa wa kwanza kuingia majini, na wa kwanza kushindwa kutazama chini. Alielea chali, mikono ameitanua, tumbo limefura ndani ya ile nguo ya zambarau mpaka likawapita akina mama wote aliowahi kuwazalisha. Alipojaribu kujigeuza kifudifudi kama alivyoelekezwa, hewa yote ilihamia nyuma. Makalio yakapanda juu, kichwa kikashuka, bomba la kupumulia likanywa maji. Akarudi chali huku akikohoa.

"Hii nguo ina mimba," alisema alipopata pumzi. "Tena ya mapacha."

Wenzake waliokuwa wamesimama kwenye maji ya kiunoni walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha mwalimu mstaafu akajaribu, akaota nundu mgongoni. Muuza samaki naye akajitupa kwa nguvu, kama mtu anayevunja mlango, akidhani hewa itatishika; ilimrudisha juu kabla maji hayajamlowesha nywele. Hapo kicheko kikaanza kupungua. Walikuwa wametoka mbali, wakavuka na boti iliyowapiga mawimbi ya usoni, na mwamba wa matumbawe ulikuwa pale pale mbele yao. Ulionekana kwa juu kama kivuli cha kahawia chenye madoa, na hakuna aliyeweza kuuinamia.

Pwani, kwenye mchanga, aliyezishona nguo hizo alikuwa amesimama na viatu vyake mkononi. Hakucheka.

Waliomwita Mama Pindo walianza kwa kumtania. Sare ya mwanafunzi, shuka la hospitali, pazia la ofisi, kila kilichotoka katika chumba chake kile cha dirisha moja, nyuma ya duka la dawa, kilikuwa na pindo la upana wa vidole viwili, limekunjwa mara mbili na kushonwa mara mbili. Wateja walilalamika kwamba kitambaa chao kinaishia kwenye pindo. Aliwajibu kwamba nguo isiyopindwa ni mlango usiofungwa, na kama wanataka milango wazi mafundi wa hivyo wapo. Mmoja alikuwa kona ya pili, kijana anayechoma ncha za nailoni kwa mshumaa zisifumuke, badala ya kuzipinda. Mama Pindo hakumwita fundi. Alimwita mchoma mkaa.

Kwa hiyo nguo za baharini alizishona kama anavyoshona kila kitu: zisifunguke. Suruali pana, na juu yake kanzu fupi iliyoshonewa humo humo kiunoni. Kitambaa chepesi cha nailoni kilichofumwa kwa kubana, chini yake bitana, kwa sababu nailoni peke yake ikilowa inachora mwili wote. Lastiki kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, ili mguu ukiinuka suruali isivutike na kuuacha wazi. Alizijaribu kwenye beseni la kufulia, akaona rangi haitoki. Akavaa moja ikiwa imelowa chapachapa, akatembea nayo chumbani, akachuchumaa, akainama, akainua mikono juu kama mtu anayeanika. Haikuonyesha kitu. Alizijaribu kwa kila njia isipokuwa kuingia nazo baharini, kwa sababu baharini hakuwahi kuingia.

Aliyemtia katika kazi hiyo alikuwa binti yake.

Binti huyo utotoni aliitwa Chura. Jina lilitoka kwenye bwawa la nyuma ya shule, alikojifunza kuogelea kabla ya kujifunza kuandika, na alikotolewa kwa fimbo mara nyingi kuliko alizoingia kwa ruhusa. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi kwenye hifadhi ya matumbawe, mbali kabisa, mahali ambapo barabara inaisha na safari inaendelea kwa boti. Kazi yenyewe ilikuwa ya getini: kukata tiketi na kuwaonyesha wageni choo kilipo. Alisomea kuongoza wageni chini ya maji, akafaulu, akapewa cheti, akarudi getini. Waongozaji waliokuwepo walikuwa wanaume, na wageni walioingia majini walikuwa wanaume. Wake zao walibaki kwenye boti wakiwashikia saa na simu, wakitazama migongo ya waume zao ikielea, na kuambiwa baadaye kwamba kulikuwa kuzuri sana.

Chura aliwatazama wanawake hao msimu mzima. Halafu akamwendea mkuu wa hifadhi, akamwambia anaweza kuwaingiza. Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia alete kundi moja. Wakiingia na wakatoka wameridhika, nafasi ya mwongozaji ni yake. La sivyo, geti bado linamhitaji.

Siku aliyokuja kumweleza mama yake habari hiyo, Mama Pindo hakuinua mguu kwenye cherehani. Aliuliza jambo moja tu: wanawake hao wanakataa maji, au wanakataa nguo?

"Nguo," alisema Chura. "Ninazovaa mimi zinabana. Wanasema zinachora."

"Basi hapo si kazi yako. Ni yangu."

Ndiyo maana sasa, alipoziona zikifura mbele ya macho ya watu, Mama Pindo hakuwa na wa kumlaumu. Mkuu wa hifadhi alikuwa amesimama kando ya kibanda chake cha mbao, mikono nyuma, filimbi shingoni. Hakuonyesha kukasirika wala kufurahi. Asubuhi walipofika aliwaonyesha jiwe jeusi kwenye mlango wa mwamba, yaani ule mwanya ambao watu hupitia kwenda upande wa kina. Maji yakilifunika jiwe hilo, alisema, haingii mtu, kwa sababu mawimbi huanza kupita juu ya mwamba na mwanya unavuta. Jiwe lilikuwa bado liko nje hadi kifuani mwa mtu. Lakini maji yalikuwa yanajaa.

Wanawake walitoka wakakaa mchangani. Kila mmoja alipoinua mkono, maji yalimwagika kwenye kifundo kama bomba lililosahauliwa. Mengine yalibaki miguuni, suruali zikawa nzito kama magunia. Mkuu alisogea, akasema kwa heshima kwamba kuna fulana na kaptura za waongozaji, safi, kama kuna atakayependa. Mwalimu mstaafu alimshukuru kwa adabu zote na kusema yeye atapumzika kwenye boti. Wawili wengine wakaanza kutafuta viatu vyao.

Muuza samaki, ambaye alikuwa dada wa marehemu mume wa Mama Pindo, alisogea karibu na kumtazama wifi yake kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wifi, kaka yangu alikusifu kwa mshono imara mpaka siku ya mwisho," alisema. "Leo imara imetuzidi. Hata hewa imekosa pa kutokea."

Mama Pindo alikuwa na jibu. Na wifi siku zote huwa na jibu la wifi yake. Lakini aliona jinsi binti yake anavyokuja kutoka majini, miwani ya kuzamia kaisukuma juu ya paji la uso, hatua za haraka, na uso wa mtu aliyekwisha kuamua kutolia. 

"Mama, tuache," Chura alisema kwa sauti ya chini. "Nitawazungusha kwa boti, waone kwa juu. Umejitahidi."

"Na geti?"

"Geti si baya."

"Sikukuuliza ubaya wake."

 Chura alikuwa akichezea kamba ya miwani, akiikaza na kuilegeza. Mama yake aliitazama hiyo mikono. Ilikuwa na mikwaruzo ya matumbawe kwenye vifundo, na kucha zimekatwa mpaka kwenye nyama, kama za mtu anayefanya kazi. Neno "umejitahidi" lilikuwa limemchoma kuliko kicheko. Yeye mwenyewe hulitumia kwa wanafunzi wake wa ushonaji anapowarudishia kitambaa walichokiharibu.

"Nipe miwani," alisema.

"Wewe?"

"Nguo imenishinda, na mimi niko nchi kavu. Nikaione huko huko inakonishindia."

Ile aliyojaribia chumbani ilikuwa mkobani. Aliichukua kwa ajili ya vipimo, si kwa ajili ya kuivaa. Alijifunga khanga nyuma ya kibanda, akaivaa, akarudi.  Hata wifi alimpisha njia.

Maji yalikuwa ya vuguvugu mpaka magotini, kisha yakawa baridi, kisha yakawa mtu anayemsukuma. Chura alimshika kwapani. Alimpa maelekezo kwa sauti ambayo Mama Pindo hakuwahi kuisikia nyumbani: fupi, tulivu, isiyosubiri kubembelezwa. Meno yashike mpira wa bomba. Pua isahauliwe. Pumzi itoke polepole kuliko inavyoingia. Usiniwahi, mama, nitakwambia lini. Ndivyo yeye alivyowafundisha wasichana wake kuingiza uzi kwenye cherehani, na ilimshangaza kujikuta anatii upesi namna hiyo.

Aliinamisha uso. Kwanza hakuona kitu, kwa kuwa alikuwa amefumba macho. Alichohisi ni nguo. Aliihisi kama anavyohisi kitambaa kizuri gizani, kwa ngozi. Hewa ilikuwa imejikusanya mahali pawili: katikati ya mabega, chini ya kola, na juu ya makalio ambapo lastiki ya kiuno iliizuia isipande. Nyingine ilikuwa imenaswa katikati ya nailoni na bitana, inakimbia huku na huku kama panya kwenye dari. Alisogeza bega la kushoto, ikakimbilia kulia. Alikunja mgongo, ikarudi. Haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa inatafuta juu, kama moshi, na juu pote palikuwa pamepindwa vidole viwili na kushonwa mara mbili.

Alisimama, akatema bomba. Alikuwa amekunywa maji ya chumvi na hakujali.

"Kwenye meza nageuza nguo mara ngapi?" alimwuliza binti yake. "Nazijaribu zimesimama. Kumbe huku mtu analala."

Alitoka majini upesi kuliko alivyoingia, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa hifadhi. Alimwomba msumari mnene, koleo na moto. Mkuu akamtazama mama huyu anayechuruzika, akaingia kibandani, akatoka na vitu hivyo viwili, akawasha jiko la gesi analochemshia chai.

"Unatengeneza au unaharibu?" aliuliza.

"Vyote viwili."

Sindano ingemchukua mpaka jua lizame. Kila tundu lingehitaji kuzungushiwa uzi, kama tundu la kifungo, la sivyo nailoni ingefumuka. Nguo zilikuwa za wanawake saba pamoja na yake. Jiwe jeusi lilikuwa sasa hadi kiunoni mwa mtu. Kulikuwa na njia moja tu ya kutoboa nailoni na kuifunga kwa pigo moja, na alikuwa ameitukana kwa miaka mingi mbele ya mashahidi.

Alitandaza nguo ya mkunga kwenye benchi la kibanda. Kwa chaki akatia alama pale pale ngozi yake ilipomwonyesha: safu chini ya kola, ambapo kipande cha begani kingeyafunika matundu yasionekane, na safu nyingine juu ya kiuno, chini ya mkunjo wa kanzu. Msumari ulikuwa umeiva mpaka mwekundu. Aliushika kwa koleo, akausogeza karibu na kitambaa, mkono ukasimama.

Ilikuwa kazi nzuri. Hilo alilijua bila kuambiwa na mtu. Ule mshono wa begani aliufumua na kuurudia mara tatu mpaka ukalala. Nguo ikishamalizika, fundi mwenye akili haitoboi tena. Humpa mwenyewe na kumtakia heri. Wifi alikuwa nyuma yake, anatazama juu ya bega lake, na Mama Pindo moyoni alijua kwamba habari hii itafika sokoni kabla yake.

Alichoma. Nailoni ikatoa moshi mweusi na harufu ya plastiki inayoungua, tundu likafunguka, ukingo ukajikunja wenyewe na kuganda. Aliinua kitambaa kwenye mwanga. Duara lilikuwa safi, gumu, bila uzi hata mmoja uliochomoza. Hilo lilimuudhi zaidi kuliko kama lingeharibika.

"Mchoma mkaa," wifi alimnong'oneza.

"Leo ndiye mimi," alisema Mama Pindo, akarudisha msumari kwenye moto.

Wengine hawakuweza kukaa tu. Aligawa nyembe za mkobani mwake na kuwaambia wafumue lastiki za mikono na miguu: wavute uzi mmoja tu, ule wa chini, nao wote utafuata. Walikaa kwenye mchanga wamejifunga khanga, wamepakata nguo zao, wakavuta nyuzi huku wakigombana juu ya nani anakata kitambaa. Mwalimu mstaafu aliacha kuzungumzia boti. Mkunga alimaliza yake kabla ya wote na kuanza kumsaidia jirani.

"Usinitazame hivyo, fundi," alisema. "Na mimi ni mshonaji. Wateja wangu tu ndio hawapendi nionyeshe mshono."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kile cha mwanzo. Chura, ambaye alikuwa amesimama pembeni akipima maji kwa macho, alicheka mpaka akajishika magoti, na Mama Pindo akamsikia na hakugeuka, kwa sababu msumari ulikuwa mkononi.

Waliporudi majini jiwe jeusi lilikuwa limebaki mpaka gotini. Mkuu wa hifadhi alivua shati, akaingia nao, akivuta boya la kushikia kwa atakayechoka. Alikaa nyuma kabisa. Mbele alikuwa Chura.

Mkunga aliinama. Hewa ilimtoka mgongoni kwa povu jembamba, taratibu, kama soda iliyofunguliwa na mtu anayeogopa imwagike, na kila povu lilipopungua nguo ikamlalia. Makalio yalishuka. Bomba lilisimama wima. Alikaa hivyo bila kutikisika, muda mrefu mpaka Mama Pindo akaanza kuhofia, kisha ndani ya lile bomba ikatoka sauti ndefu ya chini, isiyo na neno, ya mtu aliyefunguliwa mlango wa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Wakaingia wote. Migongo ikatoa povu, mmoja baada ya mwingine, ikatulia.

Mama Pindo alikuwa wa mwisho, na mara hii alifumbua macho. Kile kivuli cha kahawia cha juu kilikuwa na ghorofa. Matumbawe mengine yalisimama kama pembe za swala, mengine yamevimba na kujikunja kama ubongo, mengine yametandazwa kama meza moja juu ya nyingine, na kila meza ilikuwa na wageni wake. Samaki aina ya kitatange, wawili wawili, wenye milia, walipita bila haraka kama watu waliotoka kazini. Pweza alikuwa jiwe mpaka alipoamua kuwa mchanga. Palikuwa na sauti pia, jambo ambalo hakuna aliyemwambia: kutafuna, kru, kru, kru, kama mtu anayekula sukari guru chumba cha pili. Alifuata sauti akamkuta samaki mnene wa kijani na waridi, mwenye mdomo kama wa kasuku, anang'ata mwamba wenyewe.

Wifi aliinua kichwa karibu naye, akatoa bomba. Uso wake ulikuwa na alama ya miwani pande zote.

"Wifi. Yule ni pono."

"Si unamuuza kila siku?"

"Namuuza. Lakini hii rangi huwa hafiki nayo sokoni." Maji yalikuwa yakimpiga kidevuni. "Miaka yote hiyo nawaambia watu huyu ni mbichi, ametoka majini sasa hivi." Akarudisha bomba mdomoni na kuinama tena, na baada ya hapo hakusikika akisema kitu kwa muda ambao nyumbani wangemwitia mganga.

Chura hakuongea kabisa. Alizungumza kwa mikono. Kiganja kilicholala kilikuwa "tulieni", vidole viwili machoni vilikuwa "tazama", ngumi ilikuwa "hapo hapo". Alipoona miiba mirefu myeusi aliwapitisha mbali bila kuwatisha. Alipoona mwalimu anapumua kwa haraka alimshika mkono, akapumua naye mpaka mwendo ukawa mmoja, akamwachia. Mara akazama, miguu pamoja, mwembamba, akashuka mpaka kwenye pango na kuwaonyesha mnyama mrefu kama nyoka, anayefungua na kufunga mdomo kama mtu anayesubiri zamu ya kusema. Walipoinua vichwa, wifi alimwambia mkunga kwamba samaki yule naye anaitwa mkunga, na kwa mdomo ule hakuna haja ya kuuliza kwa nini. Mkunga akamrushia maji.

Mama Pindo aliwatazama wanawake hawa wazima, wenye waume na wajukuu na vyeo vyao, wakigeuka kila kidole cha binti yake kilipogeuka. Mtoto huyu nyumbani alikuwa na kelele za kuangusha sufuria. Alijifunza wapi kunyamaza hivi, na watu wakasikia? Kitu kilimjaa kifuani, na kama kungekuwa na hewa ndani ya nguo angesema ni hiyo.

Walifika mlangoni mwa mwamba. Upande huu palikuwa na mchanga mweupe; upande wa pili chini palikatika ghafla, na palibaki buluu tu, isiyo na sakafu. Jiwe jeusi lilikuwa limeonyesha kichwa, likifunikwa na kufunuliwa. Wanawake walishikilia boya, wakitazama ng'ambo. Mkunga alitoa bomba, akamgeukia mkuu wa hifadhi.

"Baba, tunaweza kupita tuone na kule?"

Mkuu alitazama jiwe. Filimbi ilikuwa bado shingoni mwake, inaelea. Aliitazama bahari, kisha akamtazama msichana wa getini, ambaye alikuwa ameinua uso juu ya maji, anahesabu mawimbi kwa midomo bila sauti.

"Muulizeni mwongozaji," alisema.

Chura hakumtazama mkuu. Hakumtazama mama yake pia. Aliendelea kutazama mwanya mpaka alipopata alichokuwa akikitafuta.

"Kule hapana," alisema. "Mlango unavuta. Tutafuata ukuta kwa huku ndani mpaka kwenye mnara ule wa matumbawe, kisha tunarudi pwani. Shikaneni wawili wawili. Mama, wewe njoo na mimi."

Mkunga alirudisha bomba mdomoni, akatafuta mkono wa mwalimu. Mkuu wa hifadhi alirudi nyuma ya mstari, akaikamata filimbi yake na kuitia ndani ya kaptura isimsumbue.

Ukuta uliwapeleka kwenye kivuli. Maji yalibadilika kuwa baridi, na hapo mbele, karibu na mnara, Mama Pindo aliona kitu alichodhani ni mwanga umeharibika. Walikuwa samaki wadogo, wengi kuliko macho yanavyoweza kugawa, wembamba kama majani, wote wametazama upande mmoja. Walijaza nafasi yote kutoka kwenye mwamba mpaka juu. Hapakuwa na pa kupita.

Chura aliachia mkono wake. Alimwonyesha kiganja kilicholala, akageuka, akaogelea moja kwa moja ndani yao. Samaki walifunguka mbele yake, wakampitisha, na nyuma ya nyayo zake wakajifunga, fedha tupu, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupita.

Mama Pindo alielea pale. Nyuma yake alisikia mabomba ya wenzake, pumzi zikiingia na kutoka. Mgongoni, maji yalikuwa yanaingia na kutoka kwenye nguo, kila tundu likiwa na ubaridi wake mdogo. Alitoa pumzi polepole kuliko ilivyoingia, akanyoosha mikono mbele, akapiga mguu mmoja, kisha wa pili, na samaki wa mbele kabisa walikuwa wameanza kugeuka kumpisha.